Mzee Kajetani Tawete na Jina Alilochelewa Kuliandika

Baba padri, masista, wazee wetu, ndugu zetu mliosafiri kutoka Lusewa na Tunduru, jirani zetu wa Mshangano: shikamooni wote mnaostahili shikamoo, na asanteni kwa kukaa nasi tangu Jumatatu. Ninayesoma ni Notburga, binti wa kwanza wa marehemu. Mdogo wangu Daudi ana sauti nzuri kuliko yangu, lakini tulimjaribu jana akashindwa kufika mstari wa tatu. Mimi nimefundisha darasa la kwanza miaka ishirini na sita, kwa hiyo nimezoea kusoma huku watu wanalia.

Karatasi mliyoshika imechapwa jana mchana kwenye baraza ya nyumba yetu. Maneno ya ndani yamepangwa kwa herufi za kawaida za madini ya risasi. Jina lililo juu, Kajetani Tawete, limechapwa kwa herufi zake mwenyewe, alizozichonga kwa mpingo zamani za Mjerumani. Mliangalie vizuri kabla sijaendelea, hasa ile K ya mwanzo. Nitaieleza mbele.

Mzee Kajetani alizaliwa hapa hapa Mshangano, mtoto wa tatu wa baba Mngoni wa ukoo wa Tawete na mama wa ukoo wa Nyoni. Siku yake ya kuzaliwa haikuandikwa popote. Kitabu cha ubatizo kinasema mwaka 1890, ila mwenyewe alitusimulia kwamba padri aliyemwandika alimfungua mdomo, akatazama meno, akafikiri kidogo, kisha akaandika mwaka aliouona unafaa. Bibi yetu alishikilia kwamba mwanawe alikuwa tayari anakimbia wakati nzige walipokula mashamba yote. Basi leo tunamzika akiwa na miaka sabini na mitatu, au zaidi kidogo kama bibi alisema kweli. Mtu aliyewaandikia wengine tarehe zao kwa mwandiko mzuri vile, ya kwake hakuijua, na jambo hilo lilimchekesha mpaka uzeeni.

Mwaka 1901 alipelekwa shule ya misheni ya wamonaki, mwendo wa nusu siku kutoka hapa. Aliyembebea kifurushi alikuwa mjomba wake, mdogo wa mama yake, ambaye sisi tulimjua kwa masimulizi tu kama Mjomba Nyoni. Naomba mumweke mtu huyu akilini, maana bila yeye habari ya baba yetu haina miguu. Mjomba Nyoni hakuupenda uzungu hata kidogo, lakini alimpenda mpwa wake. Walipofika mlangoni mwa shule alimkabidhi kifurushi akamwambia, "Wakikuchosha, rudi. Mbuzi wangu hawana mchungaji."

Hawakumchosha. Shuleni alimkuta Bruda Wunibaldi, fundi wa kufunga vitabu, mtu mfupi mwenye ndevu zilizokuwa na gundi kila siku ya kazi. Bruda ndiye aliyemwonyesha mwandiko wa madaha: ule ambao mstari unanenepa ukishuka na kukonda ukipanda, na kila herufi inanyosha mkono kuishika jirani yake. Wanafunzi wenzake walichoka baada ya wiki mbili. Kajetani aliendelea, akaandika kwa kijiti kwenye majivu ya jiko, akaandika kwa maji kwenye ubao, akaandika kwa kidole hewani wakati wa misa mpaka akatolewa nje. Walijifunzia unyoya wa kanga uliochongwa kwa kisu. Aliyefaulu alipewa kalamu ya kweli, yenye mpini wa mti na ncha ya chuma. Baba aliipata kalamu yake mwaka 1904, na ninyi mliowahi kuingia nyumbani mwake mmeiona, iko kwenye kopo juu ya dirisha.

Vita vya Maji Maji vilipoingia Ungoni, mwezi wa tisa mwaka 1905, misheni ile ilichomwa moto. Wamonaki walikuwa wameondoka, na wanafunzi walitawanyika, kila mmoja kwao. Kajetani alirudi Mshangano mikono mitupu, kalamu yake ameiacha mezani. Siku ya tatu Mjomba Nyoni alipita nyumbani na wenzake, ana mkuki, ana kibuyu kidogo cha dawa shingoni. Hakukaa. Alimwita mpwa wake pembeni ya ghala la mahindi, akatoa kitu kilichofungwa kwenye jani la mgomba.

"Nyumba yao imeungua," alisema. "Hii nimeitoa mezani kwako. Kalamu haikunikosea kitu."

Baba alituambia kwamba hakujua amshukuru au alie, akafanya vyote viwili. Babu yetu mzaa baba alikwenda kwenye vita vile na hakurudi. Mjomba Nyoni alirudi, lakini alirudi kwenye mnyororo.

Mwezi wa pili mwaka 1906, wale waliohukumiwa kunyongwa walikuwa wamefungwa bomani hapa Songea. Padri mmoja aliruhusiwa kuingia kuwafundisha waliotaka, na waliotaka akawabatiza. Desturi ya misheni ilikuwa kwamba kila aliyebatizwa apewe kadi yenye jina lake jipya, aishike mwenyewe mkononi. Kadi zilizochapwa Ulaya ziliungua pamoja na misheni. Padri akakumbuka kwamba yuko kijana wa Mshangano mwenye mwandiko mzuri, akatuma aitwe. Kajetani akaja na kalamu ile ile.

Walimkalisha asubuhi kwenye baraza ya ofisi, mbele yake kadi tupu kumi na nne na orodha ya majina. Meza alipewa na karani wa boma, Swalehe, mtu wa Kilwa, hodari wa khati ya Kiarabu. Jina la nne kwenye orodha lilikuwa Makarius Nyoni. Baba alilisoma mara tatu. Mjomba wake, aliyekuwa hataki hata chumvi ya Wazungu, alikuwa amekubali ubatizo. Kwa nini alikubali, baba hakupata kujua. Wafungwa walikuwa wamekaa upande wa pili wa ua, na askari mmoja mwenye huruma akamruhusu mjomba asogee karibu na baraza.

"Mpwa wangu, naambiwa wewe ndiye mwandishi."

"Ndiyo mjomba. Shikamoo."

"Marahaba. Basi langu uliandike vizuri. Lisiwe la kulipualipua."

"Litakuwa zuri kuliko yote, mjomba."

Mjomba aliporudi mahali pake, Swalehe alimwinamia baba akamwambia kwa sauti ya chini, "Kijana, anza na la mjomba wako."

"Hapana, bwana karani," baba alijibu. "La mjomba nataka liwe la mwisho, mkono ukishachangamka."

Waandishi waliopo hapa wanajua alichomaanisha. Mkono wa mwandiko huu unaamka taratibu. Jina la kwanza la siku hutoka gumu, la tano hulegea, la kumi ndilo linatiririka. Kijana wa miaka kumi na sita alitaka kumpa mjomba wake ule mkono wa mwisho, ulio bora, kwa sababu alimpenda. Hakuna aliyemtajia saa. Yeye alidhani ana mchana wote.

Aliandika kadi kumi na tatu, zikachukuliwa moja moja. Akaivuta ya mwisho. M ya Makarius alianza kuichora jua likiwa utosini, na alisema kwamba kabla ya siku ile na baada yake hakupata kutoa M kama hiyo. Mimi nimeiona. Mstari wake wa kwanza unaanzia pembeni kabisa mwa kadi, unazunguka kama mkono wa mmea wa maboga unavyotafuta ufito, ndipo unaposhuka kwa uzito wote wa wino. Aliinua kalamu akaiacha ikauke kidogo, ili herufi ya pili isije ikaivuruga. Alipoinua macho, askari walikuwa wamewasimamisha wafungwa.

Walipita mbele ya baraza. Wale kumi na tatu walikuwa na kadi zao. Mjomba Nyoni akasimama mbele ya meza, na mnyororo ukawasimamisha wengine.

"Tayari?"

"Bado, mjomba," baba alisema. "Wino haujakauka."

Mjomba aliitazama ile M iliyokaa peke yake kwenye kadi. Baba aliapa mpaka uzeeni kwamba alitabasamu. Kisha akasema, "Basi utaniletea," akaendelea kutembea. Swalehe alimshika baba mkono akampeleka nyuma ya ofisi, akampa maji ya kunywa, akasimama mbele yake kama mlango asije akatazama.

Ndugu zangu, hilo ndilo neno baba yetu alilolibeba miaka hamsini na saba. Utaniletea.

Njaa iliyofuata vita ilimchukua bibi yetu, mwanzoni mwa mwaka 1907. Kajetani na dada yake waliishi kwa kuchimba ming'oko, viazi vya mwitu, porini na kwa ulezi kidogo ambao Swalehe aliwatumia kimyakimya, akidai kwamba umemwagikiwa maji na hawezi kuula yeye. Misheni ilipojengwa tena, baba alirudi kwa Bruda Wunibaldi kutafuta kazi. Bruda alikuwa amepata mashine ndogo ya kuchapia na sanduku la herufi za risasi. Alidhani kijana amefuata kalamu. Kijana aliomba patasi.

"Nataka mwandiko wetu ule ule uwe tayari sandukuni," alimwambia. "Jina likihitajika, lipangwe papo hapo, lichapwe, mtu aondoke nalo."

Bruda alicheka sana. Alimwuliza mwandiko unaoshikana mikono utaukataje katikati. Na kweli huo ndio uliokuwa mtihani. Mkia wa kila herufi ulipaswa kuishia kimo kile kile ambapo inayofuata inaanzia, iwe inayofuata ni n, ni m au ni w, ama sivyo jina linatoka na mapengo kama mdomo wa bibi kizee. Swalehe alimwagizia mpingo kutoka upande wa Lusewa, vipande vikavu vilivyokaa miaka darini. Mpingo ni mgumu, unakula patasi, lakini ukishaukata haubadiliki tena. Herufi ya kwanza aliichonga kama jicho linavyoiona, akaipaka wino, akaichapa, ikatoka imegeuka nyuma mbele. Bruda aliitundika ukutani, na kila mgeni alionyeshwa. Baba alikubali kuchekwa, kisha akachonga upya.

Kulikuwa na tatizo jingine ambalo mtu asiyechapa hawezi kulijua. Sanduku lile la risasi kutoka Ulaya lilijaa herufi e, na herufi a zilikuwa haba. Ukipanga sala moja tu ya Kiswahili, a zimekwisha na ukurasa haujafika nusu. "Wenzetu wanakula e," baba alikuwa akisema, "sisi tunakula a." Kwa hiyo alichonga a arobaini na mbili, na zote zilifanana. Kazi yote ilimchukua miaka minne, mpaka mwaka 1911, na watu walimwuliza kwa nini anajitesa. Sisi wanawe tulikuja kuelewa baadaye kwamba aliliogopa jina linalochelewa. Hakutaka tena mtu yeyote katika Ungoni asimame mbele ya meza aambiwe bado.

Herufi hizo zilifanya kazi ambayo ninyi wenyewe ni mashahidi wake. Ziliandika vyeti vya ubatizo, kadi za harusi, majina ya misalaba ya makaburi, karatasi za kubandika kwenye chupa za asali, ubao wa duka la kwanza la Mhindi pale mjini. Baba alikuwa na masharti yake na hakuyalegeza. Hakukubali kuchapa habari ndefu kwa herufi hizo, akisema ni za jina na neno moja mawili, zikizidi zinachosha macho kama chakula cha sikukuu kikiliwa kila siku. Hakukubali kupanga herufi kubwa tupu, maana alisema zikikaa zenyewe zinagombana, kila moja inataka kuwa bibi harusi. Na pande zote za jina alitaka karatasi nyeupe ya kutosha. Hilo alilijifunza kwa Swalehe, ambaye siku moja alitazama kadi iliyojaa mapambo akamwambia, "Kijana, acha nafasi. Herufi nazo zinataka kupumua."

Kulikuwa na sharti moja kubwa kuliko yote. Mwaka 1912 afisa mmoja wa Kijerumani aliiona kadi ya harusi, akapendezwa, akaagiza tangazo la kodi lichapwe kwa herufi zile zile. Baba alisimama mbele yake, Swalehe akitafsiri kwa jasho.

"Mwambie bwana mkubwa kwamba herufi hizi hazijui kuamuru. Watu wakiliona tangazo watadhani wamealikwa, watakuja na ngoma."

Afisa akacheka, tangazo likachapwa kwa risasi. Swalehe alimwambia baba kwamba kama angejua Kijerumani zaidi angetafsiri kitu kingine. Herufi za baba hazikutumiwa hata siku moja kwa hukumu, kodi wala amri, na sisi tumeapa kwamba hazitatumiwa.

Mwaka huo huo, tarehe 8 Julai 1912, alifunga ndoa na mama yetu, Kunegunda, aliyeketi hapa mbele. Kadi yao ya harusi ilikuwa imepambwa mno, na wageni wengi hawakuweza kuisoma, wakafuata tu mlio wa ngoma. Wengine waliitundika ukutani karibu na msalaba. Mama husema mpaka leo kwamba hakumpenda kijana mwembamba mwenye wino kwenye kucha, alichokipenda ni K. Maana baba alimchongea K ya peke yake, yenye mguu mrefu unaopita chini ya jina lote, akaiweka kwenye kikasha kidogo mbali na herufi nyingine. Kwa jina lake mwenyewe alitumia K ya kawaida. Watu wengi wenye K waliiomba ile ya kikashani, wakubwa wengine wenye vyeo, akawajibu kwamba ina mwenyewe. Jana mama alikifungua kikasha, akatuwekea ile K mezani. Ndiyo hiyo mnayoiona kwenye jina la mumewe.

Vita vya Wazungu vilipofika huku mwaka 1916, baba alichukuliwa kubeba mizigo. Kabla ya kuondoka alizika sanduku la herufi chini ya zizi la mbuzi. Alikaa huko miezi saba, akarudi miguu imevimba, hana kiatu, na jambo la kwanza alilolifanya baada ya kumsalimu mama na kunibeba mimi ni kuchimba zizi. Mchwa walikuwa wamelila sanduku lote. Herufi za mpingo zilikaa ardhini kama alivyozipanga, a zote arobaini na mbili, bila alama. Mama alimletea ugali na likolo, mboga ya majani, pale pale zizini, maana alikataa kuingia ndani mpaka amalize kuhesabu. Mjerumani alikuwa ameondoka, Mwingereza ameingia, na kazi ya kuchapa majina iliendelea kama kawaida.

Alifanya kazi hiyo kwenye misheni, na baadaye kwenye baraza yetu, kwa miaka zaidi ya arobaini. Hata mchapaji wa mjini alipoleta mashine kubwa, watu waliendelea kuja kwa Mzee Kajetani kwa ajili ya jina tu. Alikuwa mkali kidogo. Aliyekuja asubuhi alipata jina lake kabla ya mchana, hata kama ni siku ya mavuno, hata kama mama ameivisha chakula. Tulikula ugali wa baridi mara nyingi kwa sababu ya watoto wa watu wengine, na tulinung'unika. Leo naomba msamaha kwa manung'uniko yale.

Lakini kulikuwa na jina moja tu ambalo hakulichapa. Ile kadi yenye M peke yake ilikaa katikati ya kitabu chake cha sala. Kila mwaka, siku ya kumbukumbu ya wale wazee walionyongwa, alikaa mezani, akachovya kalamu, akaitazama kadi, akaifuta kalamu. Nilipokuwa msichana nilimwuliza kwa nini asiimalize kwa herufi za sandukuni, dakika moja tu. Alinijibu, "Mjomba alisema lisiwe la kulipualipua." Hakutupa sisi jina la Makarius, wala wajukuu zake. Huku kwetu akina Makarius wamejaa kila kilima, nyumbani kwa Tawete hakukuwa na hata mmoja.

Mwaka huu, siku mbili baada ya Pasaka, Mzee Kajetani alianguka akiwa anamwagilia mboga. Upande wake wa kulia ulikufa ganzi. Alilazwa hospitali wiki saba, akahudumiwa vizuri, na tunawashukuru waganga na masista. Mguu ulirudi kidogo, mkono haukurudi. Mwanzoni mwa mwezi huu wa Juni aliomba arudishwe nyumbani. Tarehe 18, Jumanne, aliniita akaniambia nikilete kitabu cha sala na kalamu iliyo kwenye kopo.

"Mkono wangu umekwenda," alisema. "Wako nimeufundisha mwenyewe. Malizia."

Niliogopa. Kadi ni moja, ina miaka zaidi yangu, na M ile inamwaibisha mtu yeyote atakayeandika kando yake. Nilichukua karatasi za shule nikaanza mazoezi. Nilijaribu Jumanne, nikajaribu Jumatano, Alhamisi, Ijumaa. Nilijaza madaftari mawili. Kila nilipodhani niko tayari nilijiambia kesho mkono utakuwa bora zaidi. Baba alikuwa akinitazama kutoka kitandani, na kila siku pumzi yake ilikuwa fupi kuliko jana. Jumamosi asubuhi aliniuliza, "Notburga, unangoja nini?"

"Nangoja mkono uchangamke, baba."

Akasema, "Hata mimi nilingoja hivyo hivyo."

Nilikaa mezani, nikachovya, nikaandika. A yangu ya kwanza imelala kidogo, sitawaficha. Nilitaka kulia nilipoiona. Baba akaniuliza kama imeishika ile M, nikamwambia imeishika. "Basi endelea," alisema. Nikaendelea mpaka mwisho wa Nyoni. Aliichukua kadi kwa mkono wake wa kushoto, akaipuliza taratibu, akaishika mpaka wino ukakauka, na mama akaja akakaa karibu naye. Ilikuwa bado asubuhi, kuku wako mlangoni. Baba yetu alilia kwa sauti, kama mtoto anayelilia mjomba, na tulimwacha alie.

Jumapili alipokea sakramenti za wagonjwa, akaomba togwa, akanywa kidogo. Jumatatu, tarehe 24 Juni 1963, saa nne asubuhi, alifariki nyumbani kwake hapa Mshangano, mkono wake ukiwa kwenye mkono wa mama.

Mzee Kajetani ameacha mjane, Kunegunda, aliyeishi naye miaka hamsini na moja kasoro siku chache. Ameacha watoto watatu, ambao ni mimi Notburga, Lukresia na Daudi; dada yake mdogo, Bibi Tabu, aliyetoka Lusewa; wajukuu kumi na mmoja; na rafiki aliyekuwa kwetu kama mtoto, Bashiru mwana wa marehemu Swalehe, ambaye alikuja kutoka Tunduru kwa lori la korosho na ndiye aliyezungusha mashine jana. Ameacha sanduku la herufi mia mbili na kumi, litakalokaa kwenye baraza ile ile, na atakayekuja asubuhi atapata jina lake kabla ya mchana. Ameacha pia kitukuu mmoja, aliyezaliwa Jumapili jioni, siku moja baada ya kadi kukamilika. Baba alimwona, akampa jina mwenyewe. Anaitwa Makarius.

Leo alfajiri, kabla ya jeneza kufungwa, niliiweka ile kadi kwenye mfuko wa koti la baba, upande wa kushoto, ambapo mkono wake mzima unafika. Niliigusa kwa kidole, wino umekauka kabisa.

Mungu ampe baba yetu pumziko na amani. Na mjomba akimwuliza tena, "Tayari?", safari hii anayo mkononi.